Kipimo cha virusi hujaribiwaje kabla ya kuaminiwa?

Jibu la "havijaonekana" kutoka maabara lina mipaka yake: katika sampuli hii, iliyochukuliwa siku hii, kipimo hiki hakikuona virusi. Sisi tunaotengeneza vipimo kazi yetu kubwa ni kuijua mipaka hiyo kabla mgonjwa hajapimwa.

Kipimo cha PCR, njia iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, hutafuta kipande cha vinasaba vya virusi na kukirudufu. Mashine hupandisha joto hadi nyuzi 95 hivi, hulishusha, kisha hurudia. Kila mzunguko huongeza idadi karibu maradufu, hivyo baada ya mizunguko 30 kipande kimoja kinaweza kukaribia bilioni. Kwa virusi ambavyo vinasaba vyake ni RNA badala ya DNA, kama vya UKIMWI na Ebola, RNA hubadilishwa kwanza kuwa DNA, kwani ndiyo PCR huirudufu.

Ugumu hasa uko kwenye majimaji ya mwili. Ile rangi nyekundu ya damu hukizuia kimeng'enya kinachorudufu. Heparini inayozuia damu kuganda hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana kwa kawaida tunapendelea vichupa vyenye EDTA, kemikali nyingine inayozuia damu kuganda. Mate nayo yana vimeng'enya vinavyokatakata RNA. Kwa hiyo kipimo kilichothibitishwa kwa damu hatukiamini kwa mate mpaka kijaribiwe kwa mate. Ndani ya kila sampuli tunatia pia vinasaba tunavyovijua. Visipoonekana, na virusi navyo visionekane, hatuandiki kwamba mtu hana virusi, tunarudia.

Kisha tunatafuta kiwango cha chini kabisa kinachoonekana. Tunachanganya virusi vya idadi inayojulikana kwenye majimaji ya mwili yasiyo na virusi, tunapunguza kidogo kidogo, na kila kiwango tunakipima mara 20 au zaidi. Kiwango kinachohesabika ni kile kidogo kuliko vyote ambacho bado huonekana angalau mara 19 kati ya 20. Kazi hii inachosha, lakini hapa hatukubali njia ya mkato.

Hata kipimo bora hushindwa kikiwahishwa. Damu ya mgonjwa wa Ebola inaweza isionyeshe virusi siku 3 za kwanza za dalili, kwa hiyo hupimwa tena. Kwa aliyepona, damu huwa safi huku shahawa zikibaki na chembechembe za virusi hata zaidi ya mwaka. Kwa VVU, vipimo vya kingamwili huhitaji siku 23 hadi 90 tangu maambukizi, ilhali vya vinasaba huhitaji 10 hadi 33. Unapokwenda kupima, mtajie mhudumu tarehe unayodhani uliambukizwa, kwani ndiyo itakayomwongoza kuchagua kipimo na kukupangia siku ya kurudi.