Hemolisisi ya sampuli ni nini?

Hemolisisi ni kupasuka kwa chembe nyekundu za damu, vilivyomo ndani vikamwagika nje. Inaweza kutokea mwilini, kwa mfano katika malaria kali au mgonjwa anapoongezewa damu isiyolingana na yake. Lakini sampuli nyingi zinazokataliwa na maabara zimeharibikia mikononi mwa aliyetoa damu: chembe zilikuwa nzima mshipani, zikapasukia kwenye sindano au tyubu.

Tyubu ikishazungushwa kwa kasi kwenye mashine ya sentrifyuji, seramu (majimaji yanayojitenga na chembe za damu) inayotakiwa kuwa ya manjano huonekana ya waridi au nyekundu kabisa.

Kipimo cha kuogopewa zaidi hapa ni potasiamu. Ndani ya chembe nyekundu imo zaidi ya mara 20 ya ile iliyo kwenye plazma (majimaji ya damu), ambako kawaida yake kwa mtu mzima ni kama 3.5 hadi 5.0 mmol/L. Mwenye 4.0 anaweza kusomeka 6.0, akaanza kutibiwa tatizo asilokuwa nalo. Kibaya zaidi ni mwenye 2.8 kusomeka 4.0, maana jibu hilo halimshtui mtu. LDH na AST, vimeng'enya vilivyomo pia ndani ya chembe, navyo hupanda.

Chembe hupasuliwa na sindano nyembamba mno (unene wa geji 21 au 22 humfaa mtu mzima mwenye mshipa mzuri), kuvuta bomba la sindano kwa pupa, kuchoma kabla spiriti haijakauka, na kutikisa tyubu. Tyubu ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) hupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika 1. Ukihamisha damu kutoka kwenye bomba, usiisukume kupitia sindano. Tumia kifaa cha kuhamishia kisicho na sindano, tyubu ivute yenyewe.

Usidanganywe na rangi pia. Damu isiyotenganishwa ikiwekwa kwenye friji, pampu za chembe huzorota na potasiamu huvuja bila chembe kupasuka: seramu safi, jibu la uongo.

Maabara ikitaka sampuli nyingine, toa kwenye mkono usio na dripu, andika saa uliyotoa, ipeleke mara moja. Ikiwa seramu yake nayo ni nyekundu ingawa ulitoa vizuri, angalia rangi ya mkojo na umjulishe daktari: huenda chembe zinapasuka mwilini. Kama mgonjwa anaongezewa damu wakati huo, simamisha damu hiyo kwanza, ndipo uite daktari.