Kipande cha tishu huharibika kabla hakijafika maabara

Siku moja kijana wa pikipiki alituletea chupa ya dawa ya kusukutua kinywa, yenye shingo nyembamba. Ndani yake mlikuwa na uvimbe wa titi la mama mmoja, kutoka kliniki ya mbali na Lubumbashi. Waliuingiza ungali laini. Fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ikafanya kazi yake, nyama ikakakamaa kama raba, na kutoka haikutoka tena. Tuliizungushia chupa kitambaa, tukaivunja kwa nyundo.

Wageni wa maabara yetu ya pamoja, inayopima vipande vya wagonjwa na vya watafiti, huomba kuona mashine. Ninawaonyesha, lakini shida nyingi za utafiti wa saratani, au kansere kama tunavyosema hapa mjini, huanzia chumba cha upasuaji. Nyama ikishakatika kwenye damu yake huanza kujiozesha, na joto letu la Oktoba halisaidii. Inatakiwa kuingia kwenye fomalini ndani ya saa 1, kiasi cha dawa kiwe mara 10 au zaidi ya ukubwa wa kipande. Dawa hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa, hivyo uvimbe mkubwa usiopasuliwa huiva nje na kuoza katikati. Maji ya chumvi hayahifadhi chochote. Bado tunaletewa.

Kwa titi tunataka kipande kikae kwenye fomalini kati ya saa 6 na 72. Sababu ni vipokezi vya homoni ya estrojeni, ambavyo tunavitafuta kwa kingamwili za kutia rangi. Kipande kilichochelewa kinaweza kuonyesha kwamba havipo, kumbe vipo. Kwa mtafiti hiyo ni namba mbaya kwenye jedwali. Kwa mama yule ni kukosa tamoksifeni, dawa inayozuia homoni hiyo kwenye vipokezi vyake.

Kinachofuata ni kazi ya subira: alikoholi ya kuondoa maji, zailini ya kuondoa alikoholi, kisha nta ya parafini iliyoyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 60. Hapo ndipo tunapoogopa kukatika kwa umeme, maana nta ikiganda katikati ya safari, vipande vya watu wengi vimekwama pamoja. Bloku, yaani kipande kilichogandishwa ndani ya nta, ikishakuwa tayari, fundi huikata kwa mikrotomu, mashine yenye kisu kikali, utando wa mikromita 3 au 4, mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Utando huelea juu ya maji ya uvuguvugu kama ngozi ya maziwa, naye huuopoa kwa kioo. Akikohoa, umejikunja. Hematoksilini, rangi inayotoka kwenye mti wa Amerika ya Kati, hufanya viini vya seli kuwa vya zambarau. Eosini hupaka vilivyobaki waridi.

Kwa nini haya yote yafanyike mahali pamoja? Chupa ndogo ya kingamwili ni ghali na ina tarehe ya kuisha. Mwanafunzi wa tasnifu hutumia matone machache, iliyobaki inaharibikia kwenye friji. Zaidi ya bei, vipande 60 vilivyokatwa na mikono tofauti na kutiwa rangi siku tofauti havilinganishiki, hata hadubini iwe ya kisasa namna gani. Mimi ningechagua kisu kikali na fundi mzoefu kabla ya mashine mpya. Na jibu la mgonjwa hutangulia: utafiti hupewa kinachobaki, kwa idhini yake na ruhusa ya kamati ya maadili.

Bloku hatutupi. Mwaka 2008 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma chembe za urithi za virusi vya UKIMWI kutoka kwenye tezi ya limfu ya mwanamke iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1960, ikahifadhiwa katika nta. Aliyeifunika kwa nta hakujua kuna virusi hivyo, maana ugonjwa wenyewe haukuwa na jina.

Basi mnaotutumia vipande kwa basi la Likasi au Kolwezi: kopo la mdomo mpana, hata la mayonezi, likioshwa vizuri na kufungwa sawasawa. Andikeni saa ya kukatwa na saa ya kuingia kwenye dawa. Kwa kalamu ya risasi, si biki. Alikoholi inafuta wino.