Mtoto anayekojoa kitandani: maana yake nini?

Mtoto wa miaka mitatu akikojoa kitandani hakuna cha kueleza. Si maradhi wala si tabia mbaya. Mwili wake bado haujafika. Madaktari huanza kulihesabu kuwa ni tatizo mtoto akishatimiza miaka 5, na hata hapo si kwa usiku mmoja mmoja, bali linapojirudia kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Chini ya umri huo, tandika nailoni juu ya godoro, weka kanga kuukuu juu yake, ulale.

Tunayemzungumzia basi ni mtoto aliyekwishapita miaka 5. Mchana anajizuia vizuri, anakwenda skuli na chuoni kusoma Kurani bila ya mkasa, lakini akilala mkojo unamtoka na yeye hana habari. Hilo la kutokuwa na habari ndilo la kushika, maana wazee wengi wanadhani mtoto anahisi kisha anaona uvivu kuinuka. Hahisi.

Yanakutana mambo matatu. Kibofu cha mtoto ni kidogo: wa miaka 6 hubeba kama mililita 210, ambazo ni kikombe cha chai tu. Pili, usiku ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini, inayoziamrisha figo zipunguze kutengeneza mkojo hadi asubuhi. Kwa baadhi ya watoto homoni hii huchelewa kukaa sawa, figo zikafanya kazi usiku kama mchana. La tatu ni usingizi. Mtu mzima kibofu kikijaa huamka mwenyewe. Mtoto huyu analala usingizi wa pono. Unaweza kumbeba ukampeleka chooni ukamrudisha, na asubuhi asikumbuke kitu.

Tena hili linakwenda na damu. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, watoto wake kama 4 katika 10 humfuata. Wakiwa wazazi wote wawili, hufika kama 7 au 8. Kwa hivyo kabla baba hajapandisha sauti, amuulize kwanza mama yake mwenyewe. Katika watoto 100 wa miaka 5, takriban 15 wanakojoa kitandani, wanaume zaidi kuliko wanawake, na kila mwaka sehemu yao huacha wenyewe bila ya dawa. Wanaobaki nalo mpaka utu uzima ni wachache sana, kama mmoja katika 100.

Hapo ndipo inaponishangaza adhabu. Godoro linaanikwa uani majirani wakiona, mtoto anafunguliwa shuka mbele ya ndugu zake, wenzake wanamwimbia njiani, na wengine wanachapwa hasa. Hadithi ya Mtume (SAW) tunaisoma sote: kalamu imenyanyuliwa kwa watatu, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Kikojozi ni mtoto, tena amelala. Ana udhuru mara mbili, na bado tunamwandikia kosa. Godoro lianikwe, lakini kimya kimya. Mtoto akiwa mkubwa kidogo asaidie kutoa shuka na kuoga asubuhi, kwa sababu ni usafi na twahara, isiwe kwa kumkomoa.

Linalosaidia sana ni kupanga maji. Watoto wengi hawanywi skulini, ama maji hayapo ama hawavipendi vyoo vya huko, wakirudi na kiu yote wakaimaliza jioni. Anywe vya kutosha asubuhi na mchana, saa moja au mbili kabla ya kulala apunguze, na aende chooni ndipo apande kitandani. Chai, kahawa na soda za kola usiku ziachwe, zina kafeini. Ramadhani huipindua hesabu hii yote: mtoto anayejifunza kufunga hufungua kwa uji, madafu na juisi, akaongeza chai baada ya tarawehe, kisha akalala. Akilowa mwezi huo baada ya kukauka muda mrefu, pengine hakuna zaidi ya hilo.

Choo kigumu nacho huchangia, kwa sababu utumbo uliojaa hukibana kibofu. Papai, mboga na maji ya mchana hutosha mara nyingi.

Kumwamsha usiku kunaliokoa godoro, lakini hakumfundishi kitu kama anapelekwa macho yamefumba. Na kuna mtoto mwengine tofauti kabisa: huyu huamka, anahisi mkojo, ila choo kiko uani, kiza totoro, na jioni ameshasimuliwa popobawa, yule jini wa usiku. Dawa yake ni taa, kopo karibu na kitanda na mtu mzima wa kumsindikiza. Na anayempeleka kwa maalim akaandikiwa kombe, yaani aya zinazoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa, basi angalau alinywe asubuhi.

Lini uende kituo cha afya? Mtoto aliyekauka miezi 6 au zaidi kisha akaanza tena anahitaji kutazamwa. Pengine amezaliwa mdogo wake, au wazazi wameachana akahamishiwa kwa bibi. Lakini akiwa pia ana kiu isiyokatika na anakonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Maumivu au homa vinaashiria maambukizi ya njia ya mkojo. Akikoroma sana, pengine ni nyama za puani. Mwenye seli mundu, maradhi ya damu ya kurithi, hulowa zaidi kwa sababu figo zake hazihifadhi maji vizuri, na yeye asizuiliwe kunywa hata kidogo. Kwetu Unguja na Pemba kuna na kichocho: mtoto anayeoga mitoni na mabwawani, akawa anakojoa mara kwa mara, kwa maumivu, na mwisho wa mkojo una damu. Hicho kina kipimo na kina dawa, prazikwanteli, ile ile inayogaiwa skulini.

Kwa aliyefika miaka 7 na zaidi na bado analowa, madaktari wana njia mbili kubwa. Ipo kengele inayolia tone la kwanza likigusa kitambaa. Huchukua wiki nyingi, na mwanzoni humwamsha kila mtu nyumbani isipokuwa mwenyewe, lakini matokeo yake hudumu. Ipo na desmopresini, dawa inayofanya kazi ya ile homoni ya usiku. Hii huzuia kwa siku inayotumiwa tu, na akishaimeza asinywe maji mengi mpaka asubuhi. Inamfaa hasa anayekwenda kulala ugenini, au anayeingia dakhalia (bweni la skuli) na hataki chumba kizima kijue.