Dawa ya ubishi wa punda sina

Jumamosi iliyopita nilikuwa mnadani Msalato, hapa Dodoma. Nyama yangu iko jikoni, ndizi zinageuzwa, mate yananidondoka. Simu ikalia, ujumbe: "Dokta, punda wangu kawa mbishi sana siku hizi, anasimama njiani. Hakuna sindano ya ubishi?" Kabla sijajibu nikasikia bakora. Hatua chache kutoka nilipokaa, kijana alikuwa anawashushia punda wake wawili mbele ya kalavati, mmoja wao kasimama kama nguzo ya umeme, na watu wanacheka: "Punda huyo, bila kiboko haendi!"

Nyama ililiwa na wenzangu.

Nina miaka 19 kwenye kazi ya ubwana mifugo, karibu yote ndani ya mkoa huu. Nimeulizwa kila kitu, mpaka dawa ya kumfanya ng'ombe amsahau mwizi. Lakini hili la ubishi wa punda naulizwa kuliko kupe, na nimechoka kulijibu kwa upole. Kwa hiyo naliandika hapa mara moja, halafu mwingine akiuliza natuma kiungo na kuendelea kula.

Asili yake kwanza, harakaharaka. Babu wa punda ni punda mwitu wa Afrika, ambaye wachache wake bado wamesalia Eritrea na Ethiopia, kwenye nchi ya mawe na majani haba. Majani yakiwa haba hamwezi kutembea kundi kubwa, na aliye peke yake kwenye mawe akikimbia ovyo anavunjika mguu. Akasalimika yule aliyesimama kwanza, akatega masikio, akaangalia, ndipo akaamua. Farasi akiogopa anatimua mbio na tunamsifu kwa wepesi. Punda akiogopa anasimama, tunamwita mjinga. Mfuko mweusi wa taka unaopepea, maji yanayong'aa kwenye mtaro, kivuli cha kalavati: vyote hivyo kwake ni maswali. Mwache ainamishe kichwa aangalie, au mtangulize mwenzake aliyezoea, mara nyingi dakika mbili zinatosha. Hapo nimemaliza habari ya woga, kwa sababu woga si tatizo kubwa hapa kwetu. Tatizo kubwa ni nira.

Na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo damu inaponichemka.

Sisi Dodoma tulijifunza kukokotesha kwa maksai. Plau ni ya maksai, tela ni la maksai, fundi seremala wa kijiji anajua kuchonga nira ya maksai. Punda alipoingia kwenye kazi tukamvalisha nguo za kaka yake. Sasa mwangalie ng'ombe wetu: ana nundu, ana shingo nene, na anashusha kichwa anapovuta. Nira inakaa mbele ya nundu, naye anaisukuma kwa nundu. Mbao na mwili vinaelewana. Halafu mwangalie punda. Nundu iko wapi? Pale shingo inapokutana na mgongo ana mfupa, ngozi, na nyama kidogo tu. Nguvu yake ya kuvuta iko kifuani. Ukimwekea nira, mbao inasaga mfupa juu, na ile kamba inayopita chini ya shingo kuizuia nira isichomoke inakaa kwenye koo. Anapovuta, nira inarudi nyuma na kupanda, kamba inakaza koo. Kadiri anavyovuta ndivyo anavyojinyonga. Akikaribia kukosa hewa anafanya ambacho hata wewe ungefanya: anasimama apumue. Ndipo tunapokata fimbo.

Basi nikarudi kwa yule kijana wa Msalato. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hebu weka hiyo bakora chini, wafungue." Ilikuwa nira ya maksai iliyokatwa ikafupishwa, kamba ya katani, na magunia matano ya mahindi yamerundikwa nyuma ya tela ili kijana apate pa kukaa mbele. Wenye matela mnajua kinachofuata. Mzigo ukizidi nyuma, mti wa mbele unanyanyuka. Mti ukinyanyuka, unanyanyua nira. Nira ikinyanyuka, kamba inapanda kooni. Kwenye njia tambarare walikuwa wanavumilia. Walipoanza kupanda kituta cha kalavati, yule wa kulia akaning'inizwa kabisa. Tukasogeza magunia mawili mbele, kijana akashuka kutembea kwa miguu yake, tukalegeza kamba. Wakavuka. Hakuna aliyepiga makofi, wachekaji walikuwa wameshahamia kwenye burudani nyingine.

Kipimo cha mzigo wa tela la magurudumu mawili ni rahisi mno: ukishapakia, nyanyua mti wa mbele kwa mkono mmoja. Ukiwa mzito kama gunia, umeelemeza mbele, na shingo au mgongo ndio utakaobeba. Ukiruka juu wenyewe, umeelemeza nyuma. Unatakiwa uwe mwepesi lakini usiruke. Basi. Na beringi tia grisi, jamani. Nimekuta matela ambayo hata trekta lingegoma.

Badala ya nira, mvalishe mkanda wa kifua. Upana wake uwe kama kiganja, upite chini ya koo lakini juu ya ile ncha ya bega inayochezacheza anapotembea. Ukipanda juu unakaba koo, ukishuka chini unazuia miguu ya mbele kupiga hatua. Unashikiliwa na mkanda mwembamba unaopita juu ya shingo. Kama tela lako halina breki, ongeza na mkanda wa nyuma ya mapaja, la sivyo kwenye mteremko tela litamgonga miguu, na kesho yake atagoma kushuka mlima wowote. Hapo napo utaniuliza sindano. Kwa plau kwenye udongo mzito, mkanda wa kifua pekee hautoshi, inatakiwa kola yenye mto, na mafundi wake hapa ni wa kutafuta kwa tochi.

Sasa nikiri kosa langu, maana mwenzangu mmoja wa kazi anasoma hapa na atalitaja nisipolitaja mimi. Miaka ya mwanzo nilizunguka vijiji vya Bahi nikihubiri mkanda wa kifua kama mwinjilisti. Watu walinisikiliza. Wakashona mikanda kwa salfeti za mbolea na kamba za nailoni, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo, na mimi sikuwa nimesema neno hata moja kuhusu kitambaa. Baada ya mwezi nilirudi nikakuta vifua vimechunwa vibaya kuliko zile shingo za nira. Mama mmoja aliniambia kwa utaratibu kabisa, "Mwanangu, bora ulivyotukuta." Tangu siku hiyo, kabla ya kusema "mkanda" nasema "blanketi kuukuu, turubai, ngozi". Kinachogusa mwili kiwe laini na kiwe kikavu. Tairi lenye nyaya ndani, hapana.

Na kidonda kikishatoka, oili chafu ya gari si dawa. Unga wa betri si dawa, ni sumu. Chemsha maji, yapoe, nusu lita tia kijiko cha chai cha chumvi, safisha. Halafu muhimu kuliko hiyo chumvi: usimvalishe tena kile kilichomchuna mpaka papone. Najua hilo ndilo gumu.

Kuna jambo jingine linalotupotosha, nalo ni jinsi punda anavyoficha maumivu. Mbwa akiumwa analia, mbuzi akiumwa mtaa mzima unajua. Punda ananyamaza. Tumbo linalomfanya farasi agaragare chini, punda analichukulia kwa kusimama pembeni na kuinamisha masikio. Mapigo ya moyo ya punda mzima aliyetulia ni 40 na kitu kwa dakika, nimewahi kuhesabu zaidi ya 80 kwa punda ambaye mwenyewe ameniapia hana tatizo, "kanuna tu." Kanuna! Kwa hiyo punda aliyekuwa anakwenda vizuri akaanza kusimama mwezi huu, hajabadili tabia. Tazama kwato, tazama mdomo, tazama chini ya kila mkanda, na uliza kama mwenzake ameuzwa. Hilo la mwisho watu wanalicheka, lakini punda wawili waliofanya kazi pamoja wanazoeana kweli. Mmoja akiondoka, aliyebaki anaweza kuacha kula, na punda mnene akiacha kula siku chache, mafuta yanajaa kwenye damu na anaweza kufa. Nimewahi kuzika mmoja hivyo, mwenyewe akiwa bado anasema ana kiburi.

Maji je? Ndiyo, anastahimili kiu kuliko ng'ombe, anaweza kupoteza hata robo ya uzito wake kwa kukauka na kuurudisha kwa kunywa mara moja. Huko ni kustahimili, na gharama yake ipo. Mpe maji. Safi, machafu anayakataa, na hapo pia mtamwita mbishi.

Tuje kwenye uzito, ambako sina uhakika kama ninavyojifanya nikiwa na kofia ya serikali. Mafunzo yanasema mgongoni asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake. Punda wetu wengi ni wadogo, kilo 120 mpaka 150 hivi. Theluthi yake ni kilo 40 mpaka 50, yaani madumu mawili ya lita 20, na ukijitahidi mawili na nusu. Nenda kisima chochote Chamwino asubuhi uhesabu: manne. Kilo 80. Na wapo punda waliobeba manne miaka kumi, mgongo msafi, wanatembea masikio yamesimama. Wapo pia waliobeba mawili kwa shogi, ile mifuko ya mgongoni, iliyofungwa vibaya na mgongo umeoza. Kwa hiyo mstari uko wapi hasa? Mimi sijui kuuchora. Naona tandiko zuri, njia fupi na siku ya kupumzika vina uzito kuliko ile namba, lakini siwezi kuandika hivyo kwenye ripoti. Na siwezi kumwambia mama anayefuata maji kilomita sita aende safari mbili badala ya moja, halafu nipande pikipiki yangu niondoke. Nimewahi kumwambia mmoja. Aliniangalia tu.

Mtaniambia sheria ipo. Ipo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na kumpiga mnyama kikatili au kumbebesha kupita kiasi ni kosa. Nimeitaja mara nyingi, sauti nzito, kidole juu. Sijampeleka mtu mahakamani hata mmoja, kwa sababu karibu wote niliowakuta walikuwa wanampiga mnyama anayewalisha, na walipooneshwa kamba ya koo walishtuka wao kwanza. Mzee mmoja wa Mvumi, katekista mstaafu, alinisikiliza nikihutubia hivyo mpaka mwisho, kisha akasema, "Bwana mifugo, hata Balaamu wa kwenye Biblia alimpiga punda wake mara tatu kabla hajaelezwa." Nikafunga daftari.

Wale wa "mbishi huyo, uza nunua mwingine" nao niwaambie kidogo. Punda jike anabeba mimba karibu mwaka mzima na anazaa mtoto mmoja, hakuna banda la kutotolea punda. Hapa Dodoma tulikuwa na machinjio ya punda enzi ngozi zao zikitafutwa kwa ajili ya ejiao, ile dawa ya Wachina inayochemshwa kutoka kwenye ngozi, na tuliona jinsi wanavyokwisha haraka kuliko wanavyozaliwa. Umoja wa Afrika ulikubaliana kuizuia biashara hiyo Februari 2024.

Sasa wewe uliyenitumia ujumbe Jumamosi, utasema nimekupa maelezo marefu, na je, hakuna punda mbishi kweli? Ukweli ni kwamba sijui. Wapo waliogundua kwamba wakisimama kazi inaisha, na sina njia ya uhakika ya kumtofautisha huyo na anayeumwa mahali nisipopaona. Kuna mmoja kule Chamwino alikuwa anasimama kila siku kwenye mbuyu uleule. Nilikagua kwato, meno, mkanda, tandiko, beringi. Nilipita pale mwenyewe asubuhi na jioni, nikachungulia mpaka shimo la mbuyu kutafuta nyuki. Hakuna kitu. Mzigo uwepo usiwepo, kimya, masikio mbele, haendi. Mwenye punda akaamua kuzungukia njia ya shuleni, kama dakika kumi zaidi, na huko anakwenda bila hata kufokewa. Mwaka wa nne huu. Mbuyu bado upo, na mimi nikipita pale huwa napunguza mwendo.