Protini ya kirusi cha kuku inavyoikwamisha seli ya saratani

Kila nikifundisha mgawanyiko wa seli hapa Dodoma, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: "Dokta, eti kuna kirusi cha kuku kinaua saratani?" Kirusi kipo. Kilitengwa Japani mwaka 1979. Vifaranga kinaowashika huishiwa damu na tezi yao ya thaimasi husinyaa. (Kula kuku wa Singida hakuhusiani kabisa na habari hii. Nasema mapema, maana nayajua makundi ya WhatsApp.)

DNA yake ni fupi mno, kama herufi 2,300 tu. Moja ya protini zake, apoptini, ina amino asidi 121, na ndiyo inayotuhusu.

Weka slaidi ya uvimbe chini ya hadubini. Utaziona seli ambazo kromosomu zake, zikiwa na rangi ya bluu iliyokolea, zimejipanga mstari katikati. Hapo zinasubiri ruhusa ya kuachana. Mwenye ruhusa ni mkusanyiko wa protini uitwao APC/C, ambao hubandika alama kwenye protini mbili ili zisagwe: sekurini na saiklini B. Sekurini ndiyo inayomfunga mikono mkata pete, kimeng'enya separasi. Ikishasagwa, separasi hukata pete zilizoshikanisha kromosomu pacha, kila moja ikaenda upande wake. Saiklini B nayo isipoondolewa, seli haitoki kwenye mgawanyiko.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba apoptini hunasa kwenye APC1, kipande kikubwa kuliko vyote vya mkusanyiko huo, na kuuvuruga. Seli hukwama pale kwenye mgawanyiko, kisha hujiua. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hufa hata bila p53, protini ambayo kwa kawaida huamuru seli yenye hitilafu ijiue. Takriban nusu ya saratani za binadamu zina p53 mbovu, na ndiyo sababu mojawapo baadhi hugomea dawa.

Je, seli isiyo na saratani hupona vipi? Ndani yake apoptini hubaki nje ya kiini. Kwenye seli ya saratani huongezewa fosfeti kwenye amino asidi ya 108, ikaingia kiinini iliko kazi. Vinkristini, dawa ya saratani, haina ubaguzi huo: huzuia nyuzi zinazovuta kromosomu katika seli yoyote inayogawanyika. Lakini nami siinunui moja kwa moja sifa ya apoptini kuwa haigusi seli zisizo na saratani. Zipo maabara zilizoikuta kiinini mwa seli za kawaida pia, na thaimasi ya kifaranga, ambayo kirusi hiki huisinyaza, haina saratani yoyote.

Hospitalini hutaikuta. Kikwazo ni kuifikisha ndani ya seli za uvimbe. Mara nyingi jeni lake hupakiwa kwenye adenovirusi, kirusi kingine kilichopunguzwa makali, na kinga ya mwili huishambulia njiani kabla haijafika.