Mzazi, hesabu umri wa mwanao kabla hujachagua chama

Kazi yangu ni kushauri familia kuhusu benefiti (fedha za msaada wa serikali), shule na makaratasi ya uhamiaji, katika mji mmoja wa katikati ya England. Wengi wanaokuja kwangu ni watu wa kwetu: Wakenya, Watanzania, Waganda, Wakongo, Warundi. Uchaguzi mkuu ujao wa Uingereza hauwezi kuvuka katikati ya Agosti 2029, na waziri mkuu ana ruhusa ya kuuitisha mapema akiona inafaa. Kwa hiyo maswali yameshaanza, na linaloongoza ni hili: "Chama gani kinawajali watoto?"

Swali hilo silijibu, maana hakuna chama kitakachosema hakiwajali. Badala yake huwa namuuliza mzazi: mwanao atakuwa na miaka mingapi bunge lijalo litakapoanza, na mingapi litakapokwisha? Bunge hukaa hadi miaka mitano. Mtoto wa miaka minane atakuwa na kumi na mitatu. Wa miaka kumi na mitatu atakuwa amemaliza mitihani ya sekondari ya GCSE na A-level na yuko mlangoni mwa chuo kikuu. Mahitaji yake ya leo siyo yatakayokuwa mezani wakati ahadi za kampeni zinageuka kuwa sheria, fedha na ajira za walimu.

Kabla ya hayo, kuna jambo ambalo wengi wetu hawajaambiwa. Mama mmoja wa Tanga, anayelea wazee zamu za usiku, alinisikiliza kwa adabu kisha akasema, "Dada, uchaguzi ni wa wenyewe. Mimi na pasi yangu ya Tanzania naingilia wapi?" Anaingilia kama kawaida. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, awe na viza ya kazi, ya masomo, ya mwenza au makazi ya kudumu, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu akifikisha umri. Kenya, Tanzania na Uganda zimo, na Rwanda imo tangu 2009. Kwa Mtanzania jambo hili ni kubwa zaidi, kwa kuwa nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na wengi wamekataa pasi ya Uingereza kwa sababu hiyohiyo. Kura haiwadai waiache ya kwao.

Mkongo na Mrundi hawamo mpaka wapate uraia wa Uingereza. Hata Mkongo aliyekuja na pasi ya Ubelgiji hapigi kura ya wabunge, ingawa jirani yake Mkenya aliyefika mwaka jana anapiga. Na kuna hofu ninayoisikia kila mara, kwamba kujiandikisha kutaharibu viza. Hakuharibu. Sharti la kutopokea fedha za umma lililoandikwa kwenye kibali chako linahusu benefiti na nyumba za halmashauri, kura haimo.

Sasa turudi kwenye umri. Chukua mtoto aliyezaliwa Machi 2023. Mwezi huohuo Jeremy Hunt, akiwa waziri wa fedha, alitangaza kwamba wazazi wanaofanya kazi huko England watalipiwa saa 30 za nasari kwa wiki tangu mtoto akiwa na miezi tisa. Ilikuwa habari njema, na ilikuja polepole. Aprili 2024 walianza watoto wa miaka miwili kwa saa 15. Septemba mwaka huo wakaingia wa miezi tisa, nao kwa saa 15. Saa 30 kamili zilifika Septemba 2025, na katikati hapo uchaguzi mkuu ulikuwa umeshafanyika na serikali imebadilika. Mtoto wetu wa Machi 2023 alikuwa tayari na miaka miwili na nusu. Ile miezi ambayo mama hutafuta nani amshikie mtoto ili arudi kazini ilikuwa imeshapita, na mshahara wa nusu mwaka umeishia nasari.

Ndiyo maana mwenye mtoto wa mwaka mmoja akiniambia atachagua kwa kuangalia ahadi za nasari peke yake, namwomba asogeze macho mbele. Mwanao bunge lijalo litamkuta darasani. Muulize mgombea kuhusu shule za msingi, kuhusu msaada kwa watoto wenye usonji na mahitaji mengine maalumu (sheria ya 2014 iliruhusu mipango yao England ifike hadi miaka 25, na wazazi bado wanahangaika kuipata), kuhusu chakula cha mchana. Kama una nia ya kuzaa tena, hapo sawa, nasari bado ni yako.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Mwaka 2015 George Osborne, waziri wa fedha wa wakati huo, alitangaza kwamba msaada wa kila mtoto kupitia Universal Credit, benefiti kuu ya wenye kipato cha chini, utaishia kwa watoto wawili. Sheria ikaanza Aprili 2017, ikiwagusa watoto waliozaliwa kuanzia tarehe 6 mwezi huo. Mtoto wa tatu aliyezaliwa wiki moja kabla alihesabiwa. Aliyezaliwa wiki moja baadaye hakuhesabiwa. Kiasi chenyewe katika miaka ya karibuni kilikuwa kama pauni 290 kwa mwezi kwa kila mtoto aliyeachwa, na hiyo kwa familia ya kipato cha chini ni chakula cha mwezi. Naamini ilikuwa sheria mbaya, kwani ilimwadhibu mtoto kwa mpangilio wa kuzaliwa kwake.

Angalia ilivyoondoka. Julai 2024, wiki chache baada ya chama cha Labour kuingia madarakani, wabunge saba wa chama hicho waliunga mkono pendekezo la SNP, chama cha Uskoti, la kuifuta, na chama kikawasimamisha. Pendekezo lilianguka kwa kura 363 dhidi ya 103. Bajeti ya Novemba 2025, ya serikali ileile, ikatangaza kuifuta kuanzia Aprili 2026. Kwa hiyo ilani ya chama haitoshi. Tazama pia mbunge wako alipiga kura gani siku ile. Tovuti ya Bunge huweka kila kura na majina ya waliopiga, na kutafuta ni suala la dakika chache. Vyama vikuu havikubaliani kuhusu sheria hii, na inaweza kurudi. Mwenye watoto watatu au wanne aulize waziwazi: mtairudisha?

Lakini hapa lazima nitoe tahadhari kwa watu wetu. Nimekaa kwenye sherehe za Idi na Krismasi nikisikia watu wakibishana kwa ukali kuhusu Universal Credit, na nusu yao viza zao haziwaruhusu kuipokea. Kwa mzazi wa namna hiyo, uamuzi wa Westminster, yaani bunge la Uingereza, unaomgusa mwanae uko kwenye uhamiaji. Tangu tarehe 11 Machi 2024, mfanyakazi mpya wa kutunza wazee haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto. Mwezi uliofuata, kipato kinachotakiwa ili kumleta mwenza kilipanda kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka. Hayo yaliletwa na chama cha Conservative, kilichotawala kabla ya Labour. Labour ilipoingia ilisimamisha ongezeko jingine lililokuwa limepangwa, kisha Julai 2025 ikafunga mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje, na Novemba ikapendekeza makazi ya kudumu yapatikane kwa kawaida baada ya miaka 10 badala ya mitano, na 15 kwa kazi kama za ulezi.

Fikiria maana yake kwa mtoto. Mtoto aliyezaliwa Leicester au Reading na wazazi wenye viza ya kazi siyo Mwingereza kwa kuzaliwa. Anaweza kusajiliwa kuwa raia mzazi mmoja akipata makazi ya kudumu, au yeye mwenyewe akiishi hapa miaka kumi ya kwanza ya maisha yake, na ada ya kumsajili mwaka 2025 ilizidi pauni 1,200. Kibali alicho nacho akifika miaka 18 ndicho kinachoweza kuamua kama chuo kikuu kitamtoza ada ya wenyeji na kama atapata mkopo wa serikali. Mzazi anayesema "mimi siasa sizijui, nataka mwanangu asome" hapo ameshaigusa siasa yenyewe.

Tukiwa kwenye vyuo vikuu: mwaka 2010 wagombea wa chama cha Liberal Democrats walitia saini ahadi ya kupinga ongezeko la ada. Wakaingia serikali ya mseto, na kuanzia 2012 kiwango cha juu England kikafika pauni 9,000. Mwaka wa masomo wa 2025/26 kilikuwa 9,535. Sitaji hayo ili usimwamini mtu yeyote. Nayataja kwa sababu chama kidogo kikiingia kwenye mseto hutoa baadhi ya ahadi zake ili kupata nyingine, hivyo mgombea wa chama kidogo aulizwe ni ahadi ipi hataiachia.

Wazazi wa Glasgow na Cardiff hunipigia simu pia, na kwao hesabu ni nyingine. Shule na hospitali za Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini haziendeshwi na bunge la Westminster. Mwanafunzi mkazi wa Uskoti anayetimiza masharti halipi ada akisoma chuo cha huko. Familia za Uskoti zinazopata Universal Credit hulipwa Scottish Child Payment, fedha za msaada kwa watoto, kila wiki nne, ambayo England haipo. Wales inawapa chakula cha mchana watoto wote wa shule za msingi. Mzazi wa Glasgow akiudhika na shule, kura ya kutatua hilo ni ya bunge la Uskoti, lililoko Edinburgh. Ya Westminster aitumie kwa kodi nyingi, sehemu kubwa ya benefiti na uhamiaji. Hata ndani ya England mambo hugawanyika: chakula cha bure kwa watoto wote wa shule za msingi za serikali za London kililetwa na meya mwaka 2023.

Kwa wenye kipato cha juu kidogo, niseme kwa ufupi: Child Benefit (fedha za serikali za kusaidia kulea mtoto) huanza kukatwa mzazi mmoja akipita pauni 60,000 kwa mwaka na huisha kwenye 80,000, na hesabu ni ya mtu mmoja mmoja. Wazazi wawili wenye 59,000 kila mmoja huipata yote. Mama anayelea peke yake kwa 80,000 haipati kabisa. Muulize mgombea kama anaona hiyo ni haki. Wenye watoto shule za binafsi wanajua tayari kwamba kodi ya VAT ya asilimia 20 iliongezwa kwenye ada Januari 2025.

Baada ya kupata mambo mawili au matatu yanayomhusu mwanao, ndipo uangalie jimbo lako. Kuna majimbo 650, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake anachukua kiti hata kama wengi hawakumtaka. Mwaka 2024 Labour ilipata viti zaidi ya 400 kwa takriban asilimia 34 ya kura. Tafuta matokeo ya jimbo lako. Kama mshindi aliongoza kwa maelfu mengi, chagua unayemwamini na umwandikie mshindi barua baadaye, kwa sababu mbunge anawajibika hata kwa wasiompigia. Kama tofauti ni ndogo, huenda ukaamua kumpa yule wa pili kwenye orodha yako ili wa mwisho asishinde. Mimi sioni ubaya kwa hilo. Hendon, kaskazini mwa London, mwaka 2024 iliamuliwa kwa kura 15. Wazazi wanaosubiri watoto kwenye geti moja la shule ni wengi kuliko hao.

Jiandikishe sasa, usingoje kampeni. Mwisho wa kujiandikisha huwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, kazi yenyewe inafanyika kwenye intaneti, na utaulizwa namba yako ya National Insurance (bima ya taifa). Anayehama nyumba ajiandikishe upya. Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na utatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha: pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado ni yako. Asiye na kitambulisho aombe cheti cha mpiga kura, ni bure. Na kama zamu yako ya kazi ni ya kutwa nzima, omba kura ya posta mapema.