Ghala Langu Halina Kutu, na Sitaipaka

Jumapili iliyopita kijana wa jirani aliingia kuangalia meza yangu ya reli ndogo za mfano. Akainama, akafumba jicho moja kama fundi anayepima ukuta, kisha akatoa hukumu: "Mzee, umejitahidi, lakini hilo ghala ungelipiga kutu kidogo. Saa hii linakaa jipya, halikai la zamani." Nikammiminia chai, nikanyamaza. Sikumbuki tena ni mtu wa ngapi kuniambia hivyo tangu ghala lipande mezani, na miongoni mwao yumo fundi aliyeezeka nusu ya mtaa wetu, mtu ambaye mabati ndiyo ugali wake. Basi naandika mara moja. Atakayefuata nitamwambia asome hapa wakati chai inachemka.

Ghala lenyewe lilikuwa kando ya reli, kati ya Makadara na Embakasi, hapa Nairobi. Babu yangu alikuwa karani wa mizigo pale. Lilibomolewa kabla sijaota ndevu. Nalijenga upya kwa kipimo cha 1 kwa 87, kila kipande kwa mkono, maana hakuna kiwanda duniani kitakachouza paketi ya ghala la babu yangu. Njia, yaani nafasi kati ya reli na reli, ni ya milimita 12. Wajuzi watapiga hesabu: 12 mara 87 ni 1,044, na reli yetu ya zamani ni milimita 1,000 kamili, kwa hiyo nimeipanua kwa milimita 44. Najua. Mabehewa ambayo magurudumu yake yanakaa kwenye njia ya milimita 11.5 sitayapata dukani. Ajabu ni kwamba hizo 44 hakuna mgeni aliyewahi kuziona, lakini likija suala la kutu, kila mtu profesa.

Meza yangu ni mwaka 1956. Sikuuchagua kwa kupenda. Nina picha moja ya babu amesimama mlangoni mwa ghala, kofia mkononi, na nyuma yake imejitokeza pua ya Garratt, lile jitu la injini ya mvuke, ya daraja la 59. Injini hizo zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester, zikaanza kufika mwaka 1955, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Asiyejua ukubwa wake aende makumbusho ya reli pale mjini akasimame chini ya 5918, Mount Gelai, halafu arudi tuongee. Kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1955, na babu alihamishiwa Nakuru mwisho wa 1956. Hapo katikati ndipo meza yangu ilipo.

Sasa fikiria. Mwaka 1956 ghala lile halikuwa "jengo la zamani". Lilikuwa mali ya East African Railways and Harbours, shirika lenye mafundi rangi, ngazi za kupakia rangi, na msimamizi mwenye daftari anayepita kukagua. Kutu unayoikumbuka wewe kwenye majengo ya reli ni ya siku za mwisho, wakati shirika la reli la Afrika Mashariki limeshavunjika mwaka 1977 na hakuna aliyejali tena nani anapaka nini. Kulipaka ghala la 1956 kutu ni kama kuchora harusi ya bibi yako ukamtia mvi na mkongojo, eti kwa sababu ndivyo ulivyomkuta.

Na hata hiyo kutu yenyewe watu hawaijui. Wanachukua sponji, wanachovya rangi ya chungwa, wanagonga-gonga ukuta mzima mpaka jengo linaonekana lina tetekuwanga. Bati lina ganda la zinki. Zinki ndiyo inayoliwa kwanza, na maadamu ipo, chuma cha ndani kimepona hata kama pana mkwaruzo. Kwa hiyo kutu haitokei katikati ya bati kwa kupenda. Inaanzia kwenye tundu la msumari, kwenye ncha iliyokatwa, na pale bati linapolalia lenzake maji yakatuama. Kutoka hapo inashuka kwa mstari, inafuata bonde la bati, haivuki mgongo. Nenda katazame kibanda chochote pale Gikomba, utaona. Ukitaka kutu ya haraka teremka Mombasa, ambako hewa ina chumvi. Nairobi tuko mita 1,600 na ushei juu ya bahari, na bahari yenyewe iko mbali. Hapa bati linafubaa tu: linapoteza mng'aro wa dukani, linakuwa kijivu kisicho na maneno, na linaweza kukaa hivyo miaka mingi. Mabati ya siku hizo tena yalikuwa mazito. Hii geji 30 tunayonunua leo, ukiikunja kwa goti inakubali. (Namba ikipanda bati linapungua unene, msidanganywe na muuzaji anayesema 30 ni kubwa kuliko 28.)

Niko hapo hapo, nimalize na mengine mawili matatu. Hakuna lundo la makaa ya mawe kwenye meza yangu kwa sababu zile Garratt zilichoma mafuta. Vumbi la chini ya kuta si jekundu kwa sababu udongo mwekundu ni wa upande wa miji ya Kikuyu na Limuru. Ukishaelekea Embakasi na Athi ni udongo mweusi, ule unaonata kwenye gumboti na kupasuka kiangazi. Mvua ikirukia ukuta wa ghala langu inaacha doa la kijivu cheusi. Na tafadhali, mtu asiniambie tena niweke kuvu upande wa kaskazini "ambako jua halifiki". Huo ni ushauri wa Ulaya. Sisi tuko nyuzi 1 na kidogo kusini mwa ikweta: Juni jua liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini. Kuta zote mbili zinapata zamu yake.

Ramani ya ghala sina. Watu wakisikia hivyo huniuliza nimejuaje vipimo, kana kwamba nimeota. Nilikwenda. Jengo limeondoka lakini sakafu ya saruji ipo bado, nusu yake imefunikwa na nyasi na nusu vijana wanaoshea pikipiki. Niliweka tepu: futi 60 kwa 25. Nikarudi nyumbani na kioo cha kukuzia nikahesabu mabati kwenye picha, ukuta mrefu. Nikapata 30. Bati la zamani, ukitoa sehemu inayolaliwa, linafunika futi 2 za upana. Mara 30 ni futi 60. Niliruka kitini, mke wangu akadhani nimeumwa na nyuki. Urefu wa ukuta kwenda juu nilipata vilevile, kwa kuhesabu migongo, kwani kutoka mgongo hadi mgongo ni inchi 3, na picha inakuwa rula yenyewe mradi unapima kwenye ukuta ule ule. Ukipima kwa kimo cha babu, aliyesimama hatua mbili mbele ya ukuta, unapata ghala fupi. Nililijenga hilo fupi kwanza. Liko kabatini.

Sasa migongo. Inchi 3 kwa kipimo cha 1 kwa 87 ni milimita 0.88. Kadibodi yenye mawimbi ya katoni haifai, kila wimbi lake ni kama tuta la barabarani. Ninachotumia ni sinia la foili lile la kubebea chakula, na bolti ya milimita 5, ile ya spana namba nane, ya shilingi chache Kirinyaga Road. Nyuzi zake zimeachana milimita 0.8. Karibu kabisa. Unalaza foili juu ya kandambili ya zamani, unabingirisha bolti kwa nguvu kama unasukuma chapati, na migongo inajichora.

Ila kuna mtego ambao ulinimaliza wiki mbili. Uzi wa bolti umezunguka kama ngazi ya mnara, hauko wima, kwa hiyo mistari inatoka mshazari, digrii 3 hivi. Kwa jicho huioni. Unakata foili kwa kufuata ukingo wake, unabandika, na ukifika bati la nane ukuta mzima unaonekana umelewa. Dawa yake ni kusahau ukingo wa foili: weka rula juu ya mgongo mmoja, ukate kwa wembe mpya ukifuata mgongo huo. Kisha kata kila bati peke yake, milimita 8 hivi kwa upana, ulaze moja juu ya lenzake ibaki milimita 7 ya kuonekana, mpaka zitimie 30. Usikate karatasi moja ndefu ukadanganya na kalamu. Kivuli chembamba cha ile sehemu inayolalia ndicho kinachomfanya mtu aamini, hata asipojua anaamini nini.

Rangi ndipo ninapopungukiwa usingizi. Picha ya nyeusi na nyeupe haina msaada. Kijivu kile kile kinaweza kuwa kijani au kahawia. Lakini karibu na pale palipokuwa na ghala nilimkuta mama mmoja mwenye banda la kuku, na ubavu wa banda ni bati zito la zamani. Akasema marehemu mzee wake alilibeba siku ya kubomoa. Nilimwomba tubadilishane, nikamletea bati jipya kabisa. Akaniangalia kwa huruma. "Baba, kweli unataka hili?" Nikalibeba begani hadi stejini, makanga akanitoza nauli ya watu wawili.

Nyumbani nililipindua. Upande wa jua rangi ilikuwa imekwisha. Lakini ukingoni, upana wa vidole viwili, pale lilipolaliwa na bati jirani miaka yote hiyo, rangi ilikuwa hai: krimu nzito, kama chai yenye maziwa mengi. Nikakwangua kwa wembe. Chini yake krimu nyingine, iliyopauka zaidi. Chini yake kijivu.

Ipi ni ya 1956? Nilichagua ile krimu ya chini, kwa sababu ambazo mahakamani zisingesimama hata dakika tano. Tena huenda mzee wa kuku alibeba bati la jengo la jirani, maana siku ya kubomoa watu hawabagui. Na juu ya hayo yote nimeichanganya na nyeupe kidogo, kwani rangi halisi ukiiweka kwenye kitu cha sentimita 21 chini ya taa ya sebuleni inakuwa nzito. Kidogo kiasi gani? Mpaka nilipoona inatosha. Kuna siku naamka naona nimezidisha.

Kwa hiyo kijana, tukirudi kwako. Kutu ipo. Kwenye picha ya babu, kona ya kulia ya ghala, chini ya gata, kuna ndoo. Hakuna karani anayeweka ndoo mahali pasipovuja. Nimeweka mstari mmoja pale, unaanzia tundu la msumari, unashuka kwenye bonde moja tu, milimita 4. Ndoo nimeitengeneza pia, kwa kifuniko cha kalamu. Ulikuwa umeiegemeza kikombe chako.